Si Bunduki ya Baba Iliyokosa

Kaisho, Jumanne

Eti bunduki ndiyo mbovu!

Gobore la marehemu baba lilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ile ya moshi. Nilimwonya kaka Deo: hata wawindaji wa zamani, baruti isiyo na moshi ilipoanza, bunduki zao ziliwapasukia, maana ina nguvu mno. Akanicheka. "Mwanamke na baruti, wapi na wapi?"

Leo ameshindilia hiyo hiyo isiyo na moshi, akamfyatulia nguruwe pori migombani. Mtutu ukapasuka. Vidole vyake viwili vimekwenda.

Hospitalini akawaambia ndugu kwamba baba alituachia silaha mbovu. Baba, aliyeitunza maisha yake yote!

Nilinyamaza kwa kuwa alikuwa analia. Kesho, alie asilie, nitamjibu mbele yao.