Kikopo Namba Arobaini na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejitafutia balaa mwenyewe.

Kila Jumatatu mimi na mwenzangu Tochi tunahesabu sampuli moja ileile, kila mtu kivyake, kisha tunalinganisha. Sheria ya maabara yetu, ili jicho lisizoee makosa. Inatakiwa sampuli nzuri, iliyojaa mbegu za kiume. Leo sampuli za wateja wote watatu zilikuwa hoi. Nikajisemea: mimi nina kasoro gani? Nina mtoto wa miaka mitano nyumbani! Nikachukua kikopo, nikajifungia chumba cha wateja. Fomu nikaijaza kama ya mteja — namba 44, jina la kubuni, namba ya simu ile kuukuu inayokaa nyumbani.

Tochi akatangulia. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna kinachomponyoka kwenye hadubini. Akasogeza kioo huku na huku, kisha akasema huyu 44 shamba lake jangwa, hamna hata moja inayotikisa mkia. Akacheka. Na mimi nikacheka!

Zamu yangu. Miraba ya kuhesabia mitupu. Hata zilizokufa hamna.

Jumanne, 4 Machi



Jana tuliuzungusha mrija wa sampuli kwenye mashine, maana sifuri haitolewi kwa tone moja. Kukabaki utandu kidogo chini. Tochi akaupekua wote. Sifuri.

Najipa moyo. Januari nilikuwa na homa kali. Nimewaambia wanaume wangapi maneno hayo: “Usihofu, kaka, homa huzishusha, utarudia baada ya miezi mitatu.” Kwa sauti ya upole kabisa! Lakini homa huzipunguza, ni nadra izifagie zote. Hilo sikuwa nawaambia.

Halafu ule upasuaji wa ngiri, mwaka juzi. Huenda mirija ya mbegu iliziba pale. Ikiwa ni upasuaji, basi Kidoti, mtoto wetu, alizaliwa kabla, Kidoti ni wangu. Ikiwa nilizaliwa hivi —

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kaniuliza kama nimegombana na Madam, mkuu wetu wa kazi. Eti nimenywea kama kuku aliyenyeshewa. Kisha akasema Kidoti anataka mdogo wake, atangoja mpaka lini? Mwaka wa pili huu tunajaribu. Kila nikimwambia tupime wote wawili, anasema tumwachie Mungu, haraka ya nini. Nilidhani ni subira.

Kidoti alikuwa anakula. Nikamwangalia masikio, pua, vidole. Watu wote husema kafanana na mama yake. Mpaka wiki iliyopita nilikuwa nafurahi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya tano ya kujizuia. Kesho kutwa natoa sampuli ya pili.

Kidoti: baba, mbona unaniangalia hivyo? Nikasema una uji shavuni. Hakuwa na uji. Akajifuta, maskini.

Jumatatu, 10 Machi

Naandikia stoo, nimekaa juu ya boksi la glavu.

Asubuhi nilimpa Tochi kikopo, nikamwambia 44 kaja mapema, kaacha, kaondoka. Madam akasikia. Haiwezekani, akasema. Mwenye sifuri haachi kikopo mlangoni kama chupa ya maziwa. Lazima akae naye, amuulize — homa, upasuaji, watoto. Watoto! Akachukua fomu. Akapiga kwa simu ya mezani, kwa spika kwa sababu ya glavu. Nikaomba isipokelewe.

“Haloo! Baba yuko kazini. Anahesabu wadudu!”

Madam alishaanza kusema kwamba anapiga kutoka maabara, ni kuhusu kikopo cha pili. Hapo akainua macho, akanitazama. Kidoti huja hapa mara kwa mara, sauti yake anaijua hata msafishaji. Kabla hajakata, tukamsikia mke wangu akichukua simu: kikopo gani? Cha nani? Madam akasema samahani mama, nimekosea namba.

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alisema tu, polepole: “Mwanangu, kafungue fomu upya, uandike jina lako.” Sikuandika. Nikakimbilia huku.

Nusu saa imepita. Sampuli imeshalainika, sasa inahesabika, najua bila saa. Tochi anagonga. Hakuna utani leo. “Kaka, iko tayari. Sijaigusa. Njoo uangalie mwenyewe kwanza.”

Nimesimama. Nimeshika kitasa. Na simu mfukoni ikatikisika — ujumbe wa mke wangu.

“Nakuja hapo kazini. Usiangalie chochote kabla sijafika. Tafadhali.”

Miaka saba ya ndoa. Madam alimuuliza kikopo cha nani. Mimi hajaniuliza, kama anayejua tayari kitakachoonekana.

Tochi anagonga tena.