Simu ya Mkuu na Masomo Yangu ya Fizikia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama shikamoo yake umfikishie leo hii, usiiweke mpaka Ijumaa. Goti lako linaendeleaje? Mikorosho imechanua, au bado mnautazama ukungu kwa wasiwasi? Mimi ni mzima. Baridi ya huku Hanang tumeshazoeana nayo, na ugali wa mtama kwa maziwa ya mgando siku hizi naula bila kuhimizwa.

Naandika kwa sababu kwenye simu ulisema yako yote ukakata kabla sijafungua mdomo. Ulisema Dada Somoe amekueleza kwamba nimemdhalilisha Mkuu wa shule mbele ya wanafunzi, kwa hiyo nimwombe radhi kwa maandishi, kisha nijaze uhamisho nirudi Nachingwea. Dada nampenda, ila habari ikipita kwake hutoka na chumvi. Isikie sasa kutoka kwangu, halafu unikasirikie vizuri.

Unajua kwamba fizikia shuleni kwetu, huku upande wa Balangdalalu, nafundisha peke yangu. Vitunguu vikikomaa, nusu ya darasa iko shambani. Mvua zikichelewa, wavulana wanaswaga ng'ombe mbali kutafuta maji, na wakirudi mimi nimeshawaacha nyuma. Ndipo nikaanza kujirekodi. Kila somo nalieleza kwa Kiswahili kwenye simu yangu, nalihamishia kwenye kompyuta ya ofisi, kisha wanafunzi wanaleta memori kadi nawawekea. Visimu vya tochi vya wazazi wao vinacheza vizuri tu. Yuko binti wa kidato cha tatu, Yasinta, anachunga mbuzi wa kwao huku ananisikiliza nikieleza mgandamizo wa hewa, na akirudi darasani ananibana kwa maswali mpaka natafuta kitabu. Kazi yangu yote ya huku imo kwenye masomo hayo.

Sasa kompyuta ile ikaanza kuganda. Mkuu akaita fundi wa Katesh, na fundi akasema dawa ni kuipiga window upya, na kila kilichomo kitafutika. Hilo sikulipinga, maana usajili wa watahiniwa unafanyika kwenye kompyuta hiyo hiyo. Nikanunua eksteno, kidude cheusi cha kuhifadhia nakala, ukubwa wa kipande cha sabuni. Nikakichomeka, nikaanzisha bakapu, nikaenda kufundisha. Kurudi, kompyuta imeandika kwamba kifaa hakionekani, na masomo yaliyonakiliwa ni machache tu. Nikaanza upya. Ikakata tena.

Baba, nilihangaika. Nilidhani ni waya, nikaazima wa mwalimu wa kemia. Nilidhani tundu la mbele limelegea, nikajaribu la nyuma, kumbe la nyuma lilikufa zamani. Nilitafuta virusi, nikavikuta vya kutosha wilaya nzima kuugua, nikavifuta. Nafasi kwenye eksteno ilikuwa tele. Na bado, kila nikitoka darasani, kifaa hakionekani. Mkuu akapita akasema, "Mwalimu, umeuziwa bovu. Achana nalo." Nilikaribia kumwamini. Lakini Jumamosi nilikwenda nikakaa nalo mwenyewe huku nikisahihisha madaftari, likanakili bila kukohoa mpaka umeme ulipokatika. Nikajiuliza ni ugonjwa gani huu unaopumzika mwisho wa juma.

Jumatatu nikatoka darasani katikati ya kipindi. Eksteno ilikuwa imelazwa pembeni kwa adabu zote, na kwenye tundu lake inachaji simu ya Mkuu. Kichwa cha chaja yake kimekufa, amebaki na waya mtupu. Nikamgeukia Paskalina, karani wetu.

"Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona, Mwalimu. Si akimaliza anakurudishia? Sasa mimi nitamwambia nini Mkuu?"

Kumbe walimu wote walikuwa wanaona. Huku, mkubwa hata akikalia kofia yako, unangoja ainuke. Mimi nilikwenda kumwambia, na nilianza na shikamoo, jambo ambalo Somoe hakukueleza.

"Marahaba, Mwalimu Zuhura."

"Mkuu, naomba simu yako isikae pale. Kila ikichomekwa, kazi yangu inakatika."

"Simu ya kuchaji kidogo tu?"

"Hata kidogo, Mkuu."

Akavua miwani. "Kompyuta ni ya shule, umeme ni wa shule. Usinipangie."

Nikamnunulia kichwa cha chaja dukani. Akakirudisha mezani kwangu, akisema hapokei zawadi ya kumfundisha adabu. Na simu yake ikarudi palepale.

Fundi alikuwa anakuja Ijumaa. Hapo ndipo nilipofanya hilo lililokufikia. Nilikihamisha kidato cha tatu, madawati na ubao, nikakiweka kibarazani mbele ya dirisha la ofisi, nifundishe huku eksteno naiona. Mkuu akatokea ofisini kwake na waya mkononi, akielekea kwa karani kwenye kompyuta. Unajua watoto wa huku walivyolelewa: darasa zima likasimama, "Shikamoo, Mkuu." Akaitikia, akarudi ofisini kwake. Akangoja kidogo, akatokea tena. Wakasimama tena, wakamwamkia tena. Sikuwatuma, Baba, naapa. Alipotokea kwa mara nyingine, huko nyuma walikuwa wameshaanza kujiziba midomo, na Mkuu akageuka na waya wake kama mtu aliyesahau kitu. Huko ndiko kumdhalilisha ninakosimangiwa. Mzee kaamkiwa.

Masomo ya kidato cha nne yaliingia yote. Ya kidato cha tatu yalikuwa nusu, fundi akafika mapema, window ikapigwa, nusu nyingine ikaenda. Niliwaomba wanafunzi kadi zao, lakini wengi walikuwa wameshafuta masomo wakaweka kwaya. Nililia, nakwambia ukweli. Niliumia sana. Kisha nikanawa uso nikaingia kipindi.

Mkuu bado anadai barua ya kuomba radhi. Sijaiandika na sitaiandika. Namheshimu, namwamkia kila asubuhi, lakini radhi naomba kwa nilichokosea. Na huyo bwana wa ofisi ya elimu uliyemwendea kuhusu uhamisho wangu, mshukuru, umwambie nafasi ampe mwingine. Wewe unikasirikie mpaka korosho zote ziuzwe. Nitakupigia vilevile, na najua utapokea.

Nisalimie Mama sana, na Dada Somoe na wanawe, na Shangazi Mwajuma anayeuza vitumbua sokoni, na mdogo wangu Hamisi, umwambie ufundi cherehani auendeleze asikate tamaa. Mjomba muadhini mwambie aniombee dua, ila si ya kurudi.

Naishia hapa, maana leo shule imetulia na nataka nianze kurekodi upya somo la kwanza la kidato cha tatu. Kilichofutika ni sauti ya mwaka jana, Baba. Mwenye sauti yupo, na haondoki.

Mwanao,
Zuhura