Shimo la Mzizi

Ijumaa, Elburgon, mwaka wa pili wa Hali ya Hatari. Ukungu umetushukia tangu alfajiri, na sasa ni alasiri lakini hata bomba la moshi la kiwanda cha mbao silioni.

Naandika upesi kabla giza halijaingia, basi mwandiko usichekwe.

Rukia wangu, mwenye miaka minne, amekaa siku kumi kitandani. Kifua kilimkoroma na miguu haikuwa na nguvu, hata chooni nilikuwa nambeba. Dawa ya dispensari ilikwisha na hali ikawa ile ile. Ndipo nikamwendea Mama Chebet, jirani yetu hapa kwenye nyumba za wafanyakazi. Yeye na akina mama wengine wanne huenda ukingoni mwa msitu wa Mau kuchimba dawa, kila mmoja na mmea anaoujua. Siku hizi hilo lenyewe ni kosa, maana haturuhusiwi kukusanyika wala kuingia msituni bila kibali.

Nami, mtoto wa mjini Nakuru, mjukuu wa watu wa pwani, nilikuwa nikiwaona washamba. Nakiri. Lakini mfa maji haachi kutapatapa.

Jumatano asubuhi tulikwenda. Dawa ya kifua ni mmea unaotambaa, una miiba, na majani yake ukiyafikicha yananukia ndimu. Mama Chebet alinipa kijembe, kwa kuwa kwao anayechimba lazima awe mama wa mgonjwa.

"Mzizi inaenda kwa mtoto," aliniambia, "na ugonjwa inakuja kulala mahali ya mzizi. Kwa hivyo ukishatoa, weka mtama kidogo kwa shimo, halafu ufunike na mikono yako. Mtu mwingine hawezi kukufunikia."

Akanitia konzi ya mtama mkononi. Nilichimba. Mzizi uling'oka, wa njano, na papo hapo tukasikia filimbi ya askari wa msitu upande wa barabara ya magogo. Kila mtu akashika njia yake. Nilipofika nyumbani, mzizi ulikuwa kifuani na mtama ulikuwa bado ndani ya ngumi yangu.

Shimo lilibaki wazi.

Mama Chebet alipokuja kuchemsha dawa aliniuliza kama nilifunika. Nikasema ndiyo. Labda niliona aibu, labda sikuamini kuwa shimo ni jambo la kuulizwa. Ule mtama niliwamwagia kuku.

Rukia alikunywa dawa, na jana akazidiwa. Alikataa chakula. Akawa anatazama mlangoni, kisha anasogea ukutani, kama anayempisha mtu alale.

Leo asubuhi nilishindwa kuvumilia, nikamwambia Mama Chebet ukweli wote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Enda ufunike sasa hivi," alisema. "Mimi nitakaa na mtoto."

Nilikwenda peke yangu, na mtama mwingine nimeufunga kwenye pembe ya leso. Ukungu ulikuwa mzito hata nikawa natafuta njia kwa kupapasa, na miiba ikanichana mikono. Mahali penyewe nilipajua kwa kisiki cha mwerezi na matawi niliyoyavunja Jumatano.

Shimo lilikuwa limefunikwa. Udongo ulishindiliwa vizuri, na juu yake kulikuwa na alama za viganja. Niliweka changu juu ya kimoja, changu kikakimeza chote, kilivyokuwa kidogo. Nikasoma Ayatul Kursi, nikakosea katikati, nikaanza upya, kisha nikakimbia.

Nyumbani nilimkuta Rukia ameketi, anakunywa uji. Kifua kimetulia. Nililia kwa furaha, nikamshika mikono niibusu.

Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo mweusi.

Nyumba yetu ni ya mbao mpaka sakafu. Mama Chebet aliapa kwamba mtoto hakushuka kitandani na yeye hakumpa mgongo hata mara moja. Halafu aliitazama mikono ile, akachukua kijembe chake, akaenda kwake bila kuaga. Kabla ya leo sikuwahi kumwona mwanamke yule akiogopa.

Nilimwosha Rukia kwa maji ya moto. Nilipokuwa namkausha, akaniuliza kwa sauti yake ya siku zote:

"Mama, yule mtoto niliyemfunika, hatasikia baridi?"

Nikamvisha, nikamrudisha kitandani. Mwanangu amepona. Nilimwomba Mungu hilo tu na amenipa, sitaki kuonekana mtu asiye na shukrani. Lakini mkono uliopaswa kufunika ulikuwa wangu, nami nimeuacha wake uchafuke. Na kwa kukimbia kwangu nimerudi na mtama tena, bado umo kwenye pembe ya leso. Aliyelala kule amelala bila kupewa kitu. Kesho nitampelekea, askari awepo asiwepo.

Mvua imeanza kunyesha. Rukia ameniomba nitoe blanketi lake moja, niliweke nje ya mlango.

Nimeliweka.