Uchungu wa Maria

Kitisuru, Nairobi, Jumapili, Desemba 1973

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile ya kusuasua isiyotaka kuacha, na miguu yangu imevimba hata viatu vya kanisani nimevivaa bila kufunga kamba. Mimba yangu imeingia mwezi wa nane. Moyoni nina hasira na nina huruma, na sijui nianze na ipi.

Nianze na kanisa.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kangundo juma lililopita. Leo, kwa heshima yake, nimeandamana naye hadi kanisa la Katoliki huko Westlands, ingawa mimi nililelewa Vihiga katika kanisa lisilojua rozari wala sanamu. Padre alihubiri juu ya Bikira Maria. Alisema Maria alimzaa Yesu bila uchungu wowote, kama mwanga unavyopita kwenye kioo bila kukivunja. Uchungu ni adhabu ya Hawa, alisema, na Maria hakuwa na dhambi ya kuadhibiwa. Kina mama waliitikia kwa vichwa. Mimi nilishika tumbo langu.

Maana ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, asiye na dhambi hakuumwa, na aliyeumwa sana ana dhambi kubwa.

Na mimi niliumwa siku mbili.

Sijawahi kuliandika hili. Mwaka juzi Mutua, mume wangu, alinipeleka kwao Kangundo nikajifungulie huko, kwa kuwa ni mtoto wa kwanza na wazee walitaka hivyo. Mtoto alipokawia kutoka, wanawake walionizunguka walianza kuniuliza. Huko kwao, na hata kwetu nimelisikia, mama akikwama kwenye uchungu husemwa kwamba ametoka nje ya ndoa, na mtoto hatazaliwa mpaka amtaje yule mwanamume. "Taja jina," waliniambia. "Taja, mtoto atoke." Sikuwa na jina la kutaja isipokuwa la Mutua. Mama mkwe wangu aliinuka, akafungua mlango, akatoka nje, akaniacha mikononi mwao.

Mtoto alizaliwa akiwa amekufa. Alikuwa msichana. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo, lakini niliona jinsi walivyonitazama, kana kwamba nimemuua kwa ukaidi wa kuficha jina.

Nimemchukia Mama kwa kutoka kule. Nimemsalimu kwa heshima, nimempikia, nimemfulia leso zake, na nimemchukia.

Na leo asubuhi Mutua aliniambia, huku akitazama viatu vyake, kwamba bila shaka Mama amekuja kunichukua nikajifungulie kule kule. Mutua ni dereva wa wenye nyumba hii. Sisi tunaishi chumba cha nyuma. Mwanamume huyu hupenya katikati ya mji na gari la watu bila kutokwa na jasho, lakini kumwambia mama yake "hapana" hawezi. Sina haki ya kumcheka. Mimi ninapiga taipu ofisini wiki nzima na mabosi hawanitishi, lakini nami sijaweza.

Mchana alikuja Rasoa, rafiki yangu wa kutoka nyumbani, yaya katika nyumba ya jirani. Rasoa mdomo wake hauna breki. Nilipomsimulia yale mahubiri aliweka kikombe chini, akamgeukia mama mkwe wangu tuliyekuwa tumeketi naye.

"Mama Mutua, wewe umezaa. Sasa huyo padre, yeye amezaa wangapi?"

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Hakujali.

"Mtoto wa kweli hatoki kama mwanga. Kwani Maria alizaa mtu ama alizaa taa? Alilia, akashika ukuta, kama sisi tu. Yesu alikuwa na mabega, Mama!"

Nilitaka kucheka na niliogopa. Lakini ndivyo ninavyoamini, tena naamini kwa njaa. Namtaka Maria aliyeumwa. Kama yule aliyekuwa safi kuliko wote aliumwa, basi siku zangu mbili hazikuthibitisha kitu chochote juu yangu.

Nilidhani Mama angemfokea Rasoa. Alishika tu rozari yake na kusema polepole, "Hiyo musiondoe kwangu."

Rasoa alipoaga tukabaki wawili, Mama alivuta sinia la maharagwe akaanza kuchambua. Hakuniangalia.

"Unafikiri mimi nilitoka nje siku ile kwa sababu gani?"

Akanieleza mwenyewe. Mutua ni kifungua mimba wake, na yeye pia alikwama. Waliomzunguka walimuuliza vile vile, usiku kucha na siku iliyofuata. Alipochoka kabisa alitaja jirani yao, mtu ambaye hakuwahi hata kumshika mkono, kwa kuwa ndilo jina la kwanza lililomjia na alitaka wanyamaze. Palepale, Mutua akatoka.

"Sasa nani angeamini mimi tena?" alisema. "Mtoto alitoka. Wote waliona."

Yule jirani alihama kwa aibu. Baba yake Mutua alimlea mtoto, akamsomesha, lakini mpaka anakufa hakuwahi kumpakata. Mutua mwenyewe hajui kwa nini. Na siku yangu ilipofika, Mama aliposikia wakisema "taja jina", miguu ilimtoa nje. Anasema alipaswa kuwafukuza wale wanawake wote. Alilia, nami nikalia, nikajiona nimemshika mkono bila kukumbuka ni lini nilianza.

"Maria hakuumwa," aliniambia akijifuta uso kwa leso. "Kwa hivyo hakuna mtu alimsimamia juu ya kichwa akiuliza mtoto ni wa nani."

Ningeweza kumwambia kwamba Yusufu mwenyewe alishuku, hata akakusudia kumwacha kwa siri. Imeandikwa, na mimi naijua mistari hiyo tangu shule ya Jumapili. Badala yake nilivuta sinia upande wangu nikamsaidia kuchambua.

Mutua aliporudi kutoka mjini, hata hajavua koti, Mama alimwambia, "Huyu anazaa hospitali, hapa hapa Nairobi. Na mimi nakaa mpaka azae." Kumbe hilo ndilo lililomleta. Mutua alisema "Ndiyo, Mama" haraka sana, kama mtu aliyeteremshiwa gunia kutoka mgongoni, na nilimhurumia kwa mambo asiyoyajua. Je, ni haki ajue kwa nini baba yake hakumpakata? Sijui. Nadhani hilo ni la Mama kulisema, lakini nitaishije nalo?

Naandika upesi kabla hakujawa giza. Mama yuko nje anawasha jiko, namsikia akikohoa kwa moshi.

Bado naamini Maria aliumwa. Siku yangu ikifika, nikiwa kitandani nimeuma shuka, nitamfikiria huyo aliyeumwa, na nitalia kwa sauti yangu yote. Mama atakuwa kwenye benchi nje, akimwomba yule ambaye hakuumwa. Sitamwambia kamwe kwamba Maria huyo hayuko.