Lori Lililomlalia Mwinshehe

Temeke, Dar es Salaam
Ijumaa, Juni 1949

Mpenzi dada Tabu,

Shikamoo, dada yangu. Barua hii ikufikie huko Bagamoyo ukiwa mzima, shemeji Nassibu kifua chake kimetulia, na watoto wanakula vizuri. Sie huku hatujambo. Mume wangu Mwinshehe anakusalimu sana. Bado mguu umo ndani ya plasta, lakini maumivu yamepungua na sasa anaweza kukaa kibarazani asubuhi nzima.

Unisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Nimeianza barua hii mara nyingi. Naandika mistari miwili, nasikia lori linapita Barabara ya Kilwa, nainuka kwenda kuchungulia, nikirudi sikumbuki nilitaka kusema nini. Sijui nina nini siku hizi. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mama mkwe ameniuliza kama nina homa.

Umeniandikia kuwa mama anasuka mikeka ya kuwapelekea watu wa Vikindu, kuwashukuru kwa kumwinulia mkwe wake lori. Habari hiyo ndiyo iliyonikalisha chini leo. Tafadhali mzuie, kwa upole. Kila niliposema jambo hili nililisema nusu, na sasa nataka ulijue lote.

Unakumbuka Mwinshehe alipotoka jeshini, keya ya Waingereza, baada ya vita vya Bama, alinunua lile lori la jeshi kwenye mnada. Lori lenyewe lina nguvu, linapita mchangani na kwenye tope ambako mengine hukwama. Basi tulikwenda mjini, dukani kwa Pyarali, kutafuta jeki. Mie nilikuwa nimefuata kanga, lakini nikasimama kusikiliza. Pyarali alitaka kumuuzia jeki ndefu ya meno, akaisifu kuwa inainua juu sana. Mwinshehe akakataa. Alisema jeshini aliona mpini wa jeki ya namna hiyo ukimrukia askari na kumvunja taya. Akachukua jeki ya mafuta, fupi na nene kama chupa. Alinieleza njiani kuwa hiyo inabeba uzito mkubwa bila kukuchosha, ila inataka kusimama wima juu ya kitu kigumu, na ikivuja mafuta hushuka bila kukuaga. Pamoja nayo Pyarali alituongezea jeki ya skrubu, ya zamani, ambayo hakuna aliyeitaka. Ile huizungusha kwa nondo mpaka mikono ife ganzi, lakini pale unapoiacha ndipo inapobaki. Tukaitupa chini ya kiti cha dereva.

Dada, sijapata kumwona mtu anayejali jeki kama mume wangu. Akiwafundisha madereva wenzake hapa uwanjani, nami napepeta mchele, nilisikia maneno yale yale kila mara. Zuia magurudumu kwanza. Tandika ubao. Punguza mzigo. Lori likiinuka kidogo, sukuma gogo chini yake, likiinuka tena, ongeza jingine. Usiingize mwili wako chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake. Nadhani hata kuku wetu waliyajua.

Ile siku tulikuwa tunarudi kutoka Kisiju, mie nikitoka kwenye msiba wa mama mdogo, Mwinshehe akiwa amepakia magunia ya mbata, nazi kavu za Shamsuddin, yule tajiri wa mjini. Utingo alikuwa bwana Hija, unamfahamu, mtu mzima mwenye wajukuu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku na njia yote ilikuwa tope. Asubuhi ubao wetu wa jeki tuliutandika kwenye korongo ili tupite, na kwa haraka tukausahau huko. Tulipokaribia Vikindu tairi la nyuma likapasuka. Wingu jingine lilikuwa linakuja, jeusi. Mwinshehe akalitazama wingu, akatazama mzigo, akasema atafunga gurudumu upesi kabla njia haijageuka mto. Akasimamisha jeki ya mafuta juu ya gunia lililokunjwa. Hakushusha mzigo. Hakuzuia magurudumu ya mbele. Mie nilimwona, bwana Hija alimwona, na wote tukanyamaza, maana yeye ndiye mwenye kujua.

Gurudumu bovu lilitoka salama. Akakaa chini kama wanavyokaa madereva, miguu ameitia uvunguni ili aliinue la akiba kwa mapaja. Hapo lori likasogea mbele, kidogo tu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Jeki ikalala ubavu. Ngoma ya chuma inayobeba gurudumu ikashuka juu ya mguu wake, chini ya goti, ikaudidimiza kwenye tope. Hakupiga kelele. Alisema jina langu tu.

Bwana Hija na mie tulijaribu kuinua kwa mabega, jambo la kijinga, lakini mtu hufikiri nini saa ile? Kisha bwana Hija akakimbia kwenda Vikindu kuita watu. Nikabaki na mume wangu na wingu lile.

Wewe na mama mlielezwa kwamba watu walikuja wakaliinua lori. Dada, watu walikuja, Mungu awalipe. Lakini walipofika, Mwinshehe alikuwa amelala kando ya njia, kichwa kwenye paja langu, mguu nimeufunga kwa kanga na vijiti vya makuti. Lori nililiinua mie.

Niliitoa ile jeki ya skrubu chini ya kiti. Nilichomoa pini za ubao wa nyuma wa lori, nikauburuta mpaka alipo. Pembeni ya njia palikuwa na vipande vya mnazi uliooza, nikavibana mbele na nyuma ya magurudumu mazima. Nikapanda juu, nikayasukuma magunia ya mbata yakaanguka topeni, moja baada ya jingine. Mwinshehe aliniita kutoka chini.

“Somoe, fanya haraka, naona giza.”

“Sifanyi haraka,” nikamwambia. “Haraka ndiyo iliyokulaza hapo.”

Sijui nilipata wapi ulimi wa kumjibu hivyo mume wangu akiwa katika hali ile. Nilichimba tope kwa mikono, nikalaza ubao, nikasimamisha jeki juu yake, nikaizunguka kuitazama kila upande kama imenyooka. Nikaanza kuzungusha. Mvua ikatufikia. Kila chuma kilipopanda kidogo, niliacha nondo nikalisukuma gurudumu la akiba, limelala, ndani zaidi chini ya mwili wa lori, na juu yake vipande vya mnazi, ili likianguka tena liangukie hivyo na si yeye. Yeye alikuwa analia sasa, ananiomba nimvute tu. Nami nilikuwa nalia, lakini sikumvuta mpaka nilipoona mwanga kati ya chuma na mguu. Ndipo nikamshika makwapani.

Hospitalini alinishika mkono akaniomba tuseme ni watu wa Vikindu. Alisema madereva watamcheka, mtu wa keya aliyewahubiria wote habari za jeki, kisha akanusuriwa na mkewe. Nikamwambia haya, na bwana Hija akaapa kunyamaza. Nilidhani halitanisumbua. Kumbe, dada, kinachonisumbua si sifa. Ni mikono. Tangu siku ile mikono yangu haitaki kupepeta mchele. Lori limesimama uwanjani, kuku wanalala chini yake, na mie kila siku nalizunguka kama mwenye deni.

Bwana Hija ameacha kazi, anasema umri haumruhusu tena. Shamsuddin ametuma mtu: mbata zinaoza Kisiju, na yuko dereva, Leodegar, Mngoni mwenye adabu anayeishi nyuma yetu, yuko tayari kuliendesha lori mpaka Mwinshehe apone. Utingo hayupo. Waliokuja kuomba kazi niliwatazama wanavyosimamisha jeki. Mmoja aliisimamisha mchangani mtupu akaingia uvunguni kuonyesha ushujaa. Nikamtoa kwa kumvuta shati.

Jana wazee walikuja kumjulia hali mgonjwa. Mama mkwe akawamiminia kahawa, na Mwinshehe akaanza tena kusimulia watu wa Vikindu walivyoshika lori kwa mikono. Mie nilikuwa ndani ya mlango na sahani ya kashata. Alifika mahali pale pa mvua, akasita. Mzee mmoja akamuuliza kama mguu unauma.

Akasema, “Hapana. Nawadanganyeni. Hapakuwa na mtu. Alikuwa Somoe.”

Kisha akawasimulia yote, hata lile la kumjibu kwamba sifanyi haraka. Wazee hawakucheka. Mama mkwe aliliweka dele la kahawa chini akanitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Nami, badala ya kuona haya au kufurahi, nikasikia mdomo wangu unasema mbele ya wote kuwa Jumatatu nakwenda Kisiju na Leodegar, utingo ni mie, mpaka mwingine apatikane, na huenda hata akipatikana, na mama mkwe nitamwomba afuatane nasi nisiwe peke yangu na mwanamume.

Wazee wakaaga kabla kahawa haijapoa. Mama mkwe akaingia chumbani kwake, sijui kama atapanda lori hiyo Jumatatu au atanifungia mlango. Mwinshehe aliniangalia. Nilingoja anikataze. Aliniuliza tu nitavaa nini.

Basi dada yangu, hilo ndilo ninalokuomba. Wewe una cherehani na unajua kimo changu. Nishonee suruali mbili za kaki, za kufunga vifundoni kama zile za kina bibi, lakini bila marinda, nafasi iwe pana magotini. Zitakuwa ndani ya gauni, hakuna atakayeziona isipokuwa tope. Safari ya kwanza nitakwenda na ya Mwinshehe, nimekwisha kuikunja miguu. Mama umwambie wewe, kwa namna unayojua. Akikasirika, mwache akasirike kwanza.

Wasalimie wote nyumbani, wakubwa kwa heshima na wadogo kwa mapenzi, na shemeji Nassibu asiache dawa yake. Nakuombea heri, nawe niombee njia kavu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Somoe