Kigingi cha Tisa

4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Hujambo? Na kifua chako je? Mimi mzima, ni goti tu linalogombana na ngazi. Mvua imechelewa wiki tatu, na joto la safari hii halina adabu.

Nimeanza kuhesabu mimea ya msituni, mwaka wa thelathini na moja sasa. Fremu ni ileile ya mbao aliyoigongomea marehemu mama yako: naiweka penye kila kigingi tulichopigilia, naandika kila mmea ulio ndani. Kigingi cha tisa kilikuwa na aina ishirini na sita tulipoanza. Leo nimepata saba. Ajabu ni kwamba msitu haujawahi kunawiri hivi. Yale majani yanayowasha yamenifika kiunoni, manene, yanameta, na hasikiki hata nyuki. Nilikohoa, nikashtuka mwenyewe.

Ua la mama yako bado lipo, lile dogo jeupe alilolikuta hapo wewe ukiwa tumboni. Kwingine kote limetoweka. Limesinyaa kidogo. Asante kwa mfuko wa mbolea ya kiwandani kwenu, mboga zinakusalimu.

Baba yako

11 Machi

Binti yangu,

Natumaini hujambo. Sijangoja jibu lako, nina habari njema. Nimelitilia ua la mama yako kijiko kimoja cha ile mbolea na kikombe cha maji. Siku tatu tu, limetoa maua mawili! Nimecheka peke yangu kama mwehu. Kesho naongeza.

Baba yako

14 Machi

Shikamoo Baba,

Kifua kimetulia. Barua yako ya tarehe nne nimeipata leo. Tafadhali, mbolea ile iishie kwenye mboga. Mimi ndiye ninayepima moshi wa kiwanda. Upepo unauleta huko kwenu, mvua inaushusha kama mbolea, na msitu umekuwa ukilishwa miaka yote hii bila kuomba. Ua la Mama limezoea udongo maskini. Halina njaa, Baba. Linasongwa na majirani walafi. Ng'oa yanayolizunguka, kisha unitumie mbegu. Lenyewe usilitilie chochote.

Nilijua haya siku nyingi, nikanyamaza kwa sababu ya mshahara. Nisamehe.

Binti yako

2 Aprili

Binti yangu,

Mimi mzima, nashukuru. Barua zetu zilipishana njiani. Vijiko vilishafika vinne.

Kigingi sikukiona. Nilipapasa mpaka vidole vikafa ganzi. Nikaweka fremu, ikakaa juu ya majani, haikugusa ardhi. Chini kabisa nilikuta bua la lile ua limelala, halina mbegu. Nimeliua mimi, mwanangu, kwa mkono uleule uliomzika mama yako.

Kuna jambo silielewi. Nilifyeka njia nikiingia. Nilipogeuka kutoka, haikuwepo.

Kesho narudi kutafuta mbegu udongoni.

Baba yako

9 Aprili

Shikamoo Baba,

Usirudi huko. Nakuja. Nakuomba unisubiri nyumbani.

Binti yako

21 Aprili

Shikamoo Baba,

Sijui nikuulize vipi hali yako. Bahasha yako ilinifikia siku niliyoacha kazi. Ndani hamkuwa na barua, ila karatasi ya kuhesabia ya kigingi cha tisa. Mistari arobaini, yote jani lilelile linalowasha, kwa mwandiko wako mzuri. Chini, penye jina la mhesabu, umeandika jani hilohilo.

Kwenye mkunjo wa karatasi kulikuwa na mbegu tano. Ulizipata, Baba.

Naandika hapa mezani kwako. Fremu haipo ukutani, viatu vyako havipo. Watu wamekutafuta siku nne, wanasema msitu mzuri sana, umestawi. Mbegu nimezipanda kwenye kopo la changarawe, ndani, mbali na mvua. Moja imechomoza. Sijaipa kitu, ingawa mkono unaniwasha kuipa.

Barua hii naiacha hapa, uikute. Tangu jana kuna kitu kinausugua mlango wa nyuma, polepole, kuanzia chini kwenda juu. Nimeuegemea kwa ndani. Kama ni wewe, Baba, niite.

Binti yako