Chetezo Chini ya Themostati

Jeni, upo? Shoga yako Munira leo kaumbuka, tena mbele ya mama mkwe. Yuko jikoni kajificha, anajifanya anachemsha chai, kumbe anakuandikia wewe.

Si unakumbuka alivyomkatalia fundi, eti kufunga themostati ya AC ni kazi ya bisibisi tu? Kaifunga mwenyewe ukutani. Kaipangia kwenye simu, sebule ikipata joto AC iwake, ikipoa izime. Akajiona injinia.

Mama kafika kutoka Kolo na jua la mchana. Shoga yako kafukiza udi wa kumpokea, chetezo kakiweka juu ya kabati. Na themostati iko wapi? Hapo hapo juu yake.

Basi ikapata joto la makaa, ikadhani nyumba nzima inaungua. AC ikapuliza, ikapuliza, haizimi.

Mama kajitanda khanga. Kaomba na ya pili. Shoga yako anaona mgeni kapendezwa na moshi, anajifukiza khanga, anaongeza udi.

Anaongeza udi, Jeni. Na makaa.

Mwisho mama kauliza taratibu, "Mwanangu, kama nimekuja siku mbaya si useme tu, nirudi?"

Munira alitamani ardhi ipasuke.

Mama kanyanyuka, kakichukua chetezo, kakiweka miguuni aote moto. Haikuchukua muda, AC ikazima. Yenyewe.

Mama kainua macho, kaitazama ile themostati ukutani.

"Afadhali huyu," kasema, "kaona kwamba natetemeka."